Hesabu Isiyo na Mgambo

Vijana wenzangu, huu ubishi wa vijiweni umenichosha. Pita Mtowisa, huku bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, au panda hadi Sumbawanga mjini, utawakuta washikaji wanashindana: jeshi letu na la Uganda, lipi kubwa? Mmoja anataja 27,000 wa kwetu, mwingine 45,000 wa Uganda, utadhani wanahesabu magoli ya Simba na Yanga. Halafu? Halafu basi, watu wanatawanyika.

Haya, tuhesabu. Mwaka 1961 tulirithi kwa Mwingereza bataliani mbili, askari kama 2,000. Uganda, mwaka 1962, ilirithi bataliani moja tu. Januari 1964 askari wakaasi huku na huko. Sisi tukalivunja jeshi lile, na Septemba 1964 tukaunda JWTZ. Uganda ikawapandishia askari mishahara, jeshi likazidi kunenepa. Januari 1971 jeshi hilohilo likampindua Obote.

Mwaka 1978 Amin alikuwa na askari kama 20,000, vifaru, na ndege za MiG. Sisi hatukufika 40,000. Oktoba akaivamia Kagera. Miezi michache baadaye tulikuwa na watu zaidi ya 100,000, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Jeshi la Amin lilikuwa limeoza zamani: tangu 1971 lilikuwa linawachinja askari wake lenyewe, Waacholi na Walango.

Sasa niambieni, wale maelfu walioongezeka walitoka wapi? Walishuka mbinguni? Wengi walikuwa mgambo: watu wa jembe waliotolewa vijijini, wakapewa bunduki. Vita ilipokwisha wakarudi vijijini, na hesabu ikashuka. Kwenye jedwali ni mstari tu, unapanda na kushuka kama homa. Jedwali halisemi shamba la nani lililala bila kulimwa. Halisemi mama gani alisubiri barua. Mwalimu alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Waulizeni wazazi wenu mkanda ulifunguliwa lini.

Hapo ndipo ninapogombana nanyi, ninyi mnaojiita waandishi chipukizi. Kutwa mnatunga mapenzi ya Masaki na majambazi wa New York, mahali ambapo hata nauli ya kufika hamna. Mgambo aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70. Yupo hapo jirani, anakohoa. Nani kati yenu amemwendea na daftari?

Mtasema, aah, hiyo kazi ya wanahistoria. Si kweli! Mwanahistoria atauliza walikuwa wangapi. Mwandishi atauliza walikula nini, walimwogopa nani, na waliporudi nani aliwapokea. Wala sitaki mashairi ya kusifu tu. Kama mzee atasema alisahauliwa, andika hivyo hivyo. Kama aliona wenzake wakipora, andika pia.

Jeshi kubwa si hoja. Linaweza kuongezeka mwaka huu na kupunguzwa mwaka ujao kwa karatasi moja ya serikali. Mzee akifa, hakuna karatasi ya kumrudisha. Basi acheni kubishana. Nunueni daftari, hata la kurasa 40, mkabishe hodi.