TAHARIRI: Elimu ya Mashekhe Wetu Isining'inie kwenye Waya Mmoja

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mwezi huu tunazungumza na viongozi wa misikiti na madrasa za Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae juu ya jambo linaloonekana dogo. Darsa za mashekhe wetu, ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, zilihamishwa kutoka kwenye kanda na kuwekwa katika diski ya nje ya kompyuta, pamoja na hesabu za zaka, orodha za mayatima na kumbukumbu za waqfu. Mara nyingi diski hiyo ni moja, na anayeishika ni mtu mmoja. Hutiwa mkobani na waya wake ukiwa umechomekwa, ikapanda gari kutoka Mombo kwa kona zile tuzijuazo, na tundu lake jembamba likavunjika. Hapo husemwa kwamba kila kitu kimepotea, na diski hutupwa kabatini.

Kauli hiyo aghalabu si sahihi. Tundu likivunjika, yaliyoandikwa ndani hubaki kama yalivyokuwa. Katika diski nyingi ndogo, ukifungua gamba la nje utakuta diski ya kawaida ya kompyuta ya mkononi, imechomekwa kwenye kipande kidogo cha saketi chenye tundu la USB. Fundi huitoa, akaiunganisha kwa waya wa SATA au kwa gamba jingine, na mafaili yakaonekana. Ziko nyingine ambazo tundu la USB limelehemewa kwenye saketi ya diski yenyewe. Hizi hutaka tundu jipya lilehemewe, kazi ambayo haiko mbali na ile ya mafundi simu wanaobadilisha tundu za chaji kila siku. Ila saketi ya asili isitupwe kamwe, kwani baadhi ya diski huandika kila kitu kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo hutegemea saketi ile. Kuweka nyingine inayofanana nayo hakutafaa kitu.

Linaloharibu zaidi ni papara. Mtu hushikilia waya uliolegea na kuutikisa, umeme ukikatika na kurudi, mpaka diski iliyokuwa nzima ikaumia kweli. Kompyuta ikiuliza kama iiumbe diski upya, yaani kuiformati, jibu ni hapana. Ikisikika inagonga-gonga, izimwe. Na kile kisanduku cha chuma chenye sahani ndani kisifunguliwe mezani, kwani vumbi dogo tu hutosha kuziharibu. Diski ikisomeka, kazi ya kwanza ni kunakili vyote kwenye diski nyingine, kabla ya kupanga wala kusikiliza chochote.

Lipo na suala la siri. Mwenye orodha ya masikini amebeba sitara za watu. Diski kama hiyo haiachwi dukani usiku kucha. Mjumbe wa kamati akae na fundi mpaka kazi iishe. (Na kubandika Ayatul Kursiyyi juu ya gamba ili diski ilindike ni jambo ambalo hatukufundishwa na Mtume wetu. Aya husomwa.)

Tukirejea historia, baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi katika waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar (RA) alimshauri Khalifa Abubakar (RA) ikusanywe, na kazi hiyo akapewa Zayd bin Thabit (RA). Hofu yao ilikuwa juu ya Kitabu ambacho Allah Mwenyewe ameahidi kukihifadhi. Kisha Sayyidna Uthman (RA) hakuacha nakala moja Madina, bali alipeleka misahafu katika miji mbalimbali. Hapa kwetu milimani, khabari za watawala wa Vugha zimetufikia kwa sababu Abdallah bin Hemedi aliziandika katika *Habari za Wakilindi*, zikapigwa chapa, na zikachapwa tena Nairobi mwaka 1962. Mzee angeziweka kifuani peke yake, zingezikwa naye.

Kwa hiyo tunazitaka kamati ziwe na nakala tatu: moja msikitini, moja kwa mdhamini mwingine, na moja mbali na milima hii, Korogwe au Tanga, kwani moto, mwizi na maporomoko ya masika havichagui nyumba. Kila faili liandikwe jina la shekhe, kitabu kilichosomeshwa na tarehe. Kila baada ya miezi mitatu nakala zifunguliwe na kusikilizwa mbele ya watu wawili. Na wenye diski zilizovunjika tundu, zilizolala makabatini toka miaka iliyopita, wazitoe sasa na kuzipeleka kwa fundi mwaminifu, kabla ya Ramadhani kuingia na watu kuziuliza darsa hizo.

Wabillahi tawfiq.