Si Sinema Iuayo Wazee Wetu

Imekuwa ada hapa Nyaramba, na katika nchi nzima ya Wagusii tangu Nyamira hadi Kisii, kwamba kijana akionekana ameikalia sinema ya mizimu na majini, wazee humwita kando wakamwonya, na mama yake humwombea dua, kwa itikadi ya kuwa picha za namna hiyo huwafungulia mapepo mlango wa nyumba, na ya kuwa hofu ya uchawi inayotufedhehesha mbele ya Wakenya wenzetu imeletwa, au walau imenoneshwa, na kanda hizo. Itikadi hii ni batili, na madhali inaisitiri taksiri yetu wenyewe, naihesabu kuwa ya hatari kuliko sinema yoyote.

Nilipoitazama Nsyuka, sinema ya Mussa Banzi iliyotengenezwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kamera ya video na kwa fedha haba, usiku ule nilikawia kupata usingizi. Hapana ufundi wa ghali ndani yake. Kinachotia kiwewe ni kwamba mzuka hauji katika kasri la Ulaya bali miongoni mwa watu wasemao Kiswahili, wenye shida na tamaa kama zetu. Walakini hofu ile ilikuwa na mwanzo na mwisho, na hapana jirani yangu aliyedhurika kwa sababu yake.

Hata The Blair Witch Project ya Marekani, ya mwaka 1999, ambayo nayo ilipigwa kwa gharama ndogo mno, haituonyeshi mchawi abadani. Tunachokiona ni vijana watatu waliopotea msituni Maryland, na mmoja wao akitamka kwamba ile ramani waliyoitafuta kwa udhia aliipiga teke mwenyewe ikaenda na maji, na wenzake wakimrukia kwa ghadhabu. Aitazamaye kwa makini hajifunzi kuroga. Hujifunza jinsi hofu inavyowageuza wenzi kuwa mahasimu.

Sasa na tutazame damu ya kweli. Mnamo Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe wasioweza kukimbia, walichomwa moto na umati uliowaita abarogi, yaani wachawi. Na kwa habari zilizochapishwa wakati ule, hoja iliyotolewa na wanakijiji ilikuwa daftari la mtoto wa shule, lililodaiwa kuandikwa ndani yake kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari, wala si sinema! Oktoba 2021, Marani, huko huko Kisii, wanawake wanne wakauawa kwa tuhuma iyo hiyo. Asemaye kwamba haya yametokana na video na atueleze kwa nini serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1925, na kwa nini watafiti Robert na Barbara LeVine, waliokaa kwetu katika miaka ya 1950, waliikuta hofu hii imekwisha ota mizizi. Fauka ya hayo, Tanzania bara, hasa Usukumani, zaidi ya watu 3,000 waliuawa kwa kudhaniwa wachawi baina ya 1970 na 1984, ilhali huko bara televisheni ilianza mwaka 1994.

Simaanishi kwamba kila kanda haina lawama. Iko sinema imwonyeshayo bibi kizee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, kisha ikathibitisha mwishoni kwamba ndiye aliyeua watoto. Hiyo naichukia, si kwa kuwa inaleta majini, bali kwa kuwa inasema uwongo ule ule unaosemwa sokoni. Macho ya mama aliyepikia kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha huwa mekundu kwa moshi, na Usukumani wekundu huo umewaponza wanawake wengi. Mtengenezaji wa picha ajuaye hayo na asijizuie amefanya dhuluma.

Bali tukiwapokonya vijana kanda zao huku sisi wenyewe, tukitoka mazishini, tunanong'ona ni nani aliyemla marehemu, tumefanya nini? Mwigizaji aliyeuawa katika picha hunyanyuka akanywa chai. Bibi aliyetajwa katika mnong'ono wa mazishini huenda asiione asubuhi.

Enyi wazee na wachungaji wa Nyaramba, waacheni watoto watazame, nanyi mketi nao mkawaeleze jinsi mzuka unavyotengenezwa kwa vipodozi na taa. Na siku mtakaposikia jina la jirani likitajwa kwa uchawi, msingoje kuche: nendeni kwa chifu jioni ile ile, kisha mkalale nyumbani kwa huyo jirani.