Siri ya vita sawa, lakini risiti je?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliomba basari ya shilingi elfu kumi. Nikaambiwa nilete barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi, taarifa ya karo kutoka chuoni na sahihi ya pasta. Nilizunguka na hizo karatasi wiki mbili. Pesa sikupata, na baadaye chuo chenyewe nikakiacha. Lakini zile karatasi sikuziona kama uonevu. Pesa ya umma ni pesa ya umma, anayeitaka lazima ajieleze.

Sasa hapa ndipo shida yangu ilipo. Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26, Wizara ya Ulinzi ilitengewa shilingi bilioni 202.3. Gawanya kwa siku 365 uone: ni zaidi ya milioni 550 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Ukiuliza zinafanya kazi gani, mara nyingi unajibiwa kwa neno moja tu: usalama. Ukiendelea kuuliza unaambiwa wewe si mzalendo.

Niseme mapema kabla hamjaanza kunitukana: sina ugomvi na wanajeshi. Jamaa mmoja tuliyecheza naye kandanda hapa mtaani aliingia KDF. Siku ya usajili alikimbia uwanjani pekupeku, wakamkagua meno na miguu, akachukuliwa na kupelekwa Eldoret kwa mafunzo ya makurutu. Leo yuko karibu na mpaka wa Somalia. Mamake huweka simu kifuani hata akienda kuosha vyombo. Ninaandika haya kwa sababu ya watu kama huyo jamaa.

Tuanze na Katiba. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 239 kinaongeza kwamba vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia. Kwa hivyo mbunge anapouliza maswali kuhusu jeshi hajiingizi kwa mambo yasiyomhusu. Hiyo ndiyo kazi tuliyomwajiri.

Kifungu cha 241 kinaenda ndani zaidi. Jeshi likisaidia wakati wa dharura au janga, mafuriko kwa mfano, linatakiwa kuripoti kwa Bunge la Kitaifa. Lakini likipelekwa kurejesha amani mahali palipo na vurugu ndani ya nchi, lazima Bunge liidhinishe. Kuripoti na kuomba ruhusa ni vitu viwili tofauti. Ukichukua pikipiki ya mjomba wako halafu umpigie simu ukiwa umeshafika Thika, umeripoti. Hujaomba.

Sasa kumbuka Juni 25, 2024. Wengi wetu tulikuwa barabarani, wengine tulikuwa kwa simu tukihesabu marafiki. Waandamanaji waliingia Bunge, na siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, akatoa tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali kwamba KDF wataisaidia polisi. Tangazo lilitumia kile kipengele cha dharura, yaani kile cha kuripoti. Wabunge walipitisha hoja ya kuidhinisha siku iliyofuata, wanajeshi wakiwa tayari wametolewa kambini.

Chama cha Mawakili, LSK, kikakimbia kortini. Juni 27 Mahakama Kuu ikakubali wanajeshi wabaki, lakini ikaiagiza serikali ieleze ndani ya siku mbili watakuwa wapi na kwa muda gani. Hebu fikiria. Maswali mawili mepesi, wapi na hadi lini, yalihitaji jaji ndipo yapate uzito. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349. Hata mzazi wako hakuruhusu kutoka usiku bila kukuuliza hayo mawili.

Na si mara ya kwanza. Januari 15, 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia. Rais wa nchi hiyo, Hassan Sheikh Mohamud, baadaye alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa walikuwa karibu 180 hadi 200. KDF walikana idadi hiyo, lakini ya kwao hawakuitangaza. Kumbuka Kifungu cha 240 kinasema jeshi hupelekwa nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Kama Bunge ndilo lenye kibali cha kuwatuma, kwa nini si Bunge lililotusomea hesabu ya waliorudi na wasiorudi? Adui alikuwa anajua. Alikuwa pale. Walioachwa gizani ni akina mama wenye simu kifuani.

Tukija kwa manunuzi, hapo ndipo utacheka kwa uchungu. Januari 2017 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliidhinisha mpango wa kuiuzia Kenya hadi ndege 12 za aina ya AT-802L, pamoja na vifaa na mafunzo, kwa bei iliyokadiriwa kufika dola milioni 418. Unajua mimi na wewe tuliweza kusoma hayo wapi? Kwa tovuti ya serikali ya Marekani. Sheria yao inalazimisha mauzo makubwa ya silaha yaarifiwe bunge lao, na taarifa huwekwa wazi. Aliyesimama kutaka bei ichunguzwe ni mbunge wa North Carolina, Ted Budd. Alikuwa na maslahi yake, kwa sababu kampuni ya jimbo lake, IOMAX, ilikuwa imeachwa nje na ilidai inaweza kufanya kazi hiyo kwa bei ya chini. Mpango huo mwishowe haukukamilika. Lakini ona hiyo picha: pesa ni za Mkenya, ndege ni za Mkenya, risiti inakaguliwa na mtu aliyepigiwa kura North Carolina.

Na tusidanganyane kwamba usiri hutuletea vifaa haraka. Meli ya KNS Jasiri iliagizwa mwaka wa 2003. Ilifika Mombasa mwaka wa 2012, baada ya kukwama Uhispania kwa miaka mingi huku mkataba wake ukizozaniwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoagizwa alikuwa tayari shule ya msingi meli ikitia nanga. Mkataba ungechambuliwa vizuri kabla ya sahihi, pengine mabaharia wetu wangekuwa na meli yao mapema.

Kuna na upande wa haki, ambao vijana hatuuongelei sana. Mwanajeshi akikosea anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katiba inaitambua kama mahakama ya chini, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Hiyo ni sawa, jeshi haliwezi kuendeshwa kama chama cha wanakijiji. Lakini Katiba pia inaruhusu baadhi ya haki za wanajeshi zipunguzwe: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za wafanyakazi. Yaani yule jamaa wangu hawezi kugoma kama daktari, hawezi kubeba bango kama mwalimu. Buti zikipasuka, chakula kikiwa kibaya, au mkubwa wake akimtesa kwenye mafunzo, atalilia wapi? Mtu uliyemnyima mdomo lazima umpe masikio ya mtu mwingine. Masikio hayo yanafaa kuwa ya Bunge.

Westgate ilitufundisha kitu. Baada ya shambulio la Septemba 2013, wakubwa walituambia wanajeshi walioonekana kwenye kamera walibeba maji ya kunywa tu. Oktoba hiyo hiyo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Julius Karangi, akatangaza kwamba wanajeshi wawili wamefutwa kazi na kufungwa kwa uporaji. Video zilikuwa zimeshaonekana na kila mtu, kukana kukawa kugumu. Bila zile kamera tungekuwa bado tunaongea kuhusu maji.

Na kama unadhani mahakama za kijeshi ni stori ya watu wenye magwanda pekee, muulize Kizza Besigye. Novemba 2024 alitekwa hapa hapa Nairobi, na siku chache baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Yeye ni raia. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kushtaki raia kwenye mahakama hizo ni kinyume cha Katiba. Mwezi wa Mei bunge lao likapitisha sheria ya kuzirudishia uwezo huo katika kesi fulani. Bunge linalokubali kila kitu jeshi linachotaka, siku moja hukubali na wewe upelekwe huko.

Sasa ati wabunge wetu hawawezi? Wanaweza, tumeona. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni ilienda hadi Laikipia na Samburu kusikiliza wananchi kuhusu wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko. Wakasikia kuhusu moto wa Lolldaiga wa Machi 2021. Wakasikia kuhusu msichana aliyeuawa Nanyuki mwaka wa 2012, kesi iliyofanya Mahakama Kuu itoe kibali cha kumkamata aliyekuwa mwanajeshi wa Uingereza, Septemba 2025. Kikosi hicho kilikataa kufika mbele ya kamati kikidai kina kinga ya kidiplomasia, lakini kamati iliandika ripoti yake hata hivyo, na ilikuwa kali. Nawapa heko. Ombi langu ni dogo: ujasiri uliotumika kwa jeshi la wageni utumike pia kwa bajeti na mafunzo ya jeshi letu, ambalo haliwezi kudai kinga ya ubalozi.

Najua jibu litakalokuja. "Adui anasoma magazeti pia." Kweli anasoma, na hakuna anayeomba ramani ya kambi au siku ya operesheni. Siri ya vita ni kuhusu kesho: tutaenda wapi, kwa njia gani, na nani. Risiti ni kuhusu jana: tulilipa nani, kiasi gani, kitu kilifika ama hakikufika. Yaliyo nyeti kabisa yanaweza kusikizwa na kamati milango ikiwa imefungwa. Lakini mlango uliofungwa lazima uwe na watu ndani wanaouliza maswali.

Ujerumani wana kamishna wa bunge wa masuala ya jeshi. Mwanajeshi yeyote anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mkubwa wake, na kila mwaka kamishna hutoa ripoti ya wazi kuhusu hali ya jeshi, kuanzia vifaa hadi mafunzo hadi manyanyaso. Nchi yao haijaanguka kwa sababu ya hiyo ripoti.

Kwa hivyo mambo manne, Mheshimiwa, na hakuna hata moja linalohitaji siri. Kwanza, idhini ya kutoa jeshi itafutwe kabla ya jeshi kutoka, na iandikwe mahali na tarehe ya mwisho. Pili, kila mwaka Bunge lisomewe idadi ya wanajeshi waliofariki na kuumia, vitani na kwenye mafunzo. Tatu, kesi za mahakama ya kijeshi zichapishwe kwa jumla: ngapi, za makosa gani, hukumu gani. Nne, tuwe na ofisi kama ile ya Ujerumani, ambayo kurutu anaweza kuiandikia bila kuogopa.

Na sisi tuache kulala. Makadirio ya matumizi hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla ya bajeti kupitishwa Juni. Tulijifunza kusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za ulinzi pia ziko hapo, na ni fupi kuliko zinavyofaa kuwa. Mtafute mbunge wako, mtumie ujumbe, mwulize swali moja: mwaka huu umeuliza nini kuhusu zile bilioni 202? Akikuambia ni siri, mwambie hujamwomba ramani.