Maasai Mbili na sarufi ya ukutani

Jina la kikundi cha wachoraji wa Kibera kiitwacho Maasai Mbili lina kosa la sarufi, na kosa hilo ndilo lililonivuta kukifuatilia. Mwalimu yeyote wa Kiswahili akilikuta katika insha ya mwanafunzi atalipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni: Maasai wawili. Nomino inayotaja mtu, hata isipokuwa na kiambishi cha ngeli, huchukua upatanisho wa viumbe: rafiki wawili, askari wawili, Maasai wawili. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyofundisha.

Lakini jina hili halikutungwa darasani. Mwaka 2001 vijana wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walikuwa wakijitafutia riziki kwa kuandika vibao vya maduka na vya vinyozi huko Kibera. Ili kuwavutia watu, walijifunga shuka za Kimaasai wakiwa kazini. Mtaa ukawaona Wajaluo wawili waliojivika Umaasai, ukacheka, ukawabandika jina. Na mtaa ulisema "mbili" kwa sababu ndivyo Nairobi inavyohesabu watu: watoto mbili, polisi tatu, wageni kumi na moja. Kikundi kilipopanuka na kupata wachoraji wengine, jina halikuguswa, si idadi wala upatanisho.

Hebu tulinganishe jina hilo na ya majumba ya sanaa ya jiji hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wachoraji Jony Waite, Robin Anderson na David Hart, wote watu wa asili ya ng'ambo, walianzisha Gallery Watatu. Walipatanisha sawasawa: watatu, wala si tatu. Miaka michache kabla yao, Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika, alikuwa ameanzisha pamoja na wenzake kituo cha Paa ya Paa, jina lenye maana ya mnyama paa anayepaa. Sarufi ya shuleni ingedai "paa apaa". Kwa hiyo wenye asili ya ng'ambo ndio waliotii kanuni, na wenyeji wakajifanyia walivyopenda. Mwanaisimu hufurahia mambo kama haya kwa wiki nzima. Mwaka 1995 ikaja Kuona Trust, iliyoanzia katika Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2013 wachoraji wa Buruburu wakajiita Brush Tu, neno moja la Kiingereza na moja la Kiswahili, yakikaa pamoja bila ugomvi.

Yote haya ni majina ya mlangoni. Ukisha kuingia ndani, mambo hubadilika. Katika maonyesho niliyohudhuria jijini kwa miaka mingi, vibandiko vilivyo kando ya picha, vijitabu vya maelezo, orodha za bei na hotuba za ufunguzi huwa, aghalabu, kwa Kiingereza. Nacho si Kiingereza cha sokoni wala cha ofisini, bali ni kile cha wahakiki wa sanaa, ambacho hata mwenye shahada hulazimika kukisoma mara mbili. Kiswahili kimefanywa bawabu: kinawakaribisha watu, kisha kinaachwa kibarazani.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, maadamu picha haina lugha na kila mwenye macho huielewa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa tunazungumzia picha za twiga na machweo ya jua zinazouziwa watalii. Sanaa ya Maasai Mbili haikuanzia kwenye twiga. Ilianzia kwenye herufi. Mwandishi wa vibao ni mchoraji ambaye kazi yake ya kwanza ni maneno. Hupaka ubao au bati rangi ya chini, akapiga mistari miwili ya chaki ili herufi zisipande wala kushuka, akapima kwa jicho kama KINYOZI litaenea katika nafasi aliyopewa au itabidi herufi za mwisho zibanwe, kisha akazijaza kwa brashi bapa na kuzitia kivuli upande mmoja ili zionekane zimetoka ukutani. Baada ya hapo huchora kichwa chenye panki pembeni, kwa ajili ya asiyejua kusoma. Neno na picha vinafanya kazi moja, na hakuna anayeuliza kipi ni sanaa na kipi ni tangazo.

Ukuta wa mtaa wa Nairobi, kwa hiyo, ni matini. Nathubutu kusema kwamba ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazosomwa na watu wengi zaidi nchini, kuliko riwaya zilizotahiniwa na, ole wetu, kuliko makala za wahadhiri. Hapo ndipo duka linapomwonya mteja kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo ndipo mwenye ploti anapowakataza watu kujisaidia, akitumia kitenzi ambacho mhariri wa ukurasa huu hataniruhusu nikiandike. Hapo ndipo tahajia inapofuata matamshi ya mtaa, upatanisho unapolegea, na lugha nne zinapogawana ubao mmoja wa futi tatu.

Wala sidai kwamba ukuta ni milki ya Kiswahili peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilipokuwa ikiungua, Solomon Muyundo, anayejulikana zaidi kwa jina la Solo Saba, alizunguka na rangi na brashi akiandika kwenye kuta, milango na mabati maneno ya kuwasihi Wakenya wenzake wadumishe amani. Aliyaandika kwa Kiingereza. Wasafi wa lugha wanaweza kumlaumu. Mimi namwelewa. Katika majuma ambayo lafudhi ya mtu ilitosha kumponza, aliandika kwa herufi kubwa zisizo na lafudhi, mahali ambapo kila mpita njia angezikuta, na kamera za ulimwengu pia. Hakungoja jumba la maonyesho limfungulie, wala hakuna aliyehitaji kijitabu cha kumweleza maana yake. Mwandishi wa vibao alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya awali, yaani kumwambia mpita njia jambo moja kwa ufasaha.

Sasa sanaa hii inapotolewa ukutani na kupelekwa kwenye chumba cheupe chenye taa, ni haki msanii auze. Sina ugomvi na hilo. Mchoraji anakula, analipa kodi ya nyumba na kusomesha. Watu wanaodhani kwamba sanaa ya mtaa huharibika inapouzwa, kwa kawaida ni watu wenye mshahara. Ugomvi wangu ni kuhusu kinachopotea njiani. Kibao kilichokuwa kikisomwa na mama muuza mboga kinapata maelezo ambayo mama huyo hawezi kuyasoma. Maneno yaliyomo kwenye picha yanatafsiriwa kwa ajili ya mnunuzi, na katika kutafsiriwa yanageuka kuwa rangi ya kienyeji tu, kitu cha kupendeza kisichohitaji kueleweka. Mtaa uliolitunga jina unakuwa mada ya maonyesho badala ya kuwa hadhira yake.

Tazama jambo lililotokea Ujerumani mwaka 2022. Wajukuu, kikundi cha wasanii kutoka mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, kilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel. Kwenye lango la ukumbi walijenga njia ya mabati yaliyoshika kutu, iliyokumbusha nyumba za mitaa ya mabanda na pia nyumba za Wamaasai. Ili kuingia, ilimbidi mgeni apite ndani ya mabati hayo. Mwaka huohuo wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Ni heshima kubwa. Lakini mwanafunzi wa Mukuru anayetaka kusoma uhakiki wa kazi hiyo kwa Kiswahili atautafuta wapi? Kuna maandishi ya Kijerumani na ya Kiingereza. Katika lugha ambayo wasanii wenyewe walilichagulia kundi lao jina, ni haba mno.

Lawama haiwezi kuwaangukia wenye majumba ya sanaa peke yao. Wao ni wafanyabiashara na wanazungumza lugha ya mteja. Sisi wa idara za Kiswahili tumeandika tasnifu juu ya ushairi wa Lamu, fonolojia ya vilahaja na Sheng, tukaupita ukuta uliokuwa mbele yetu kila asubuhi tukielekea kazini. Istilahi za fasihi tumezisanifu kwa bidii: tuna taswira, tuna tashihisi, tuna usimulizi. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa 3 aeleze kwa Kiswahili jinsi rangi inavyowekwa tabaka juu ya tabaka, au tofauti ya ukingo uliokatwa kwa brashi na ule uliopuliziwa kwa mkebe, atababaika. Atababaika si kwa sababu maneno hayapo. Waandishi wa vibao hufundishana kazi kila siku, na hawafundishani kwa ishara. Maneno yao hayajaandikwa.

Na muda hautungoji. Kanuni za matatu zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 na kila gari likalazimishwa kuwa na mstari wa manjano, wachoraji wengi walipoteza sehemu ya riziki. Kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikashusha bei ya kibao, na kampuni za simu zikaanza kupaka maduka mazima rangi zao bure, ili mradi jina la kampuni liwe kubwa kuliko la mwenye duka. Mnamo Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba na shule zilibomolewa, na kuta zikaenda na maandishi yake.

Mtaala wa umilisi umewapa wanafunzi wa sekondari ya juu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Walimu wa mkondo huo na walimu wa Kiswahili wakae meza moja, angalau kwa muhula mmoja. Mwanafunzi atumwe kunakili vibao 10 vya mtaani kwake kama vilivyo, bila kusahihisha hata herufi moja, pamoja na rangi zake. Amtafute aliyeviandika, kama yu hai na angali katika kazi hiyo, amwulize anaiitaje kila brashi, kila mtindo wa herufi na kila kosa ambalo fundi hucheka akiliona. Majumba ya sanaa nayo hayaombwi mengi: kibandiko cha pili chini ya kile cha Kiingereza, kilichoandikwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Atakayekiandika kwa ajili ya picha za Kibera naomba aliache jina la wachoraji hao kama lilivyo. Mimi mwenyewe nimekwisha kuliingiza katika mtihani wa mofolojia, na swali halikumtaka mwanafunzi alisahihishe, bali aeleze ni kanuni gani iliyolizaa.