Choo cha Damu Si Amiba Kila Mara

Mwezi huu twaanzia Matemwe. Maji yakikupwa, akina mama hushuka kufunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza kibiashara Unguja mwaka 1989. Ute wa mwani huo, uitwao karagini, wataalamu wameuchanganya na kitu kitokacho katika magamba ya kamba na kaa, wakatengeneza chembe za kubebea dawa. Ni ndogo mno: lazima zipangwe mamia kadhaa ndipo zifikie unene wa unywele mmoja.

Chembe za namna hii, ziwe za mwani au za vitu vingine, zatazamiwa kuwafaa wenye uvimbe sugu wa utumbo mpana. Hao huhara damu na kamasi kwa majuma mengi, hukonda na kupungukiwa damu. Dawa kama prednisolone huwatuliza, lakini huzunguka mwili mzima, na ikinyweka muda mrefu hudhoofisha mifupa. Chembe ndogo hunasa zaidi penye kidonda. Hilo lilionekana kwa panya mwaka 2001. Basi dawa kidogo ingetosha. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ingali maabara.

Lakini hata zikiteremshwa kesho bandarini Malindi, zitamfaa nani ikiwa mgonjwa hajatambuliwa? Kwetu choo cha damu ni amiba au bawasiri, basi. Mtu hununua Flagyl dukani, hupata nafuu, ugonjwa ukirudi hununua tena, na mwaka wapita. Wengine huanza kumshuku jirani kwa uchawi. Na ile aibu ya kutaja choo, hasa kwa vijana, huwanyamazisha kuliko maumivu yenyewe.

Tena kupeleka dawa mahali pake si jambo geni. Nanna Svartz, daktari mwanamke wa Sweden, alibuni sulfasalazine zamani za Vita Kuu ya Pili. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hufika utumbo mpana ikiwa nzima. Vijidudu vya huko ndivyo huivunja, ikafanya kazi pale pale panapouma. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Asiyepatana na dawa za salfa haimfai, wala hainunuliwi kwa kubahatisha.

Aliye Matemwe na anahara damu aende Kivunge apimwe choo. Damu ikiwa nyingi au akiwa na homa, asingoje hata siku moja. Amiba zipo kweli, na zikionekana zitibiwe. Zisipoonekana, au dawa isiposaidia, aombe barua ya Mnazi Mmoja, na ikilazimu Muhimbili, atazamwe utumbo kwa mpira wenye kamera. Nauli ya boti ni mzigo, twajua. Jumuiya ndogondogo huchangia mazishi bila kuombwa. Twaona zianze kuchangia na safari hii. Mgonjwa achukue vyeti vyake vyote vya zamani, na majina ya dawa alizokwisha kunywa.