Uza, lakini usimuuzie mzazi mwenzako kwa muhali

Karibu kila kundi la WhatsApp la wazazi hapa Kwale lina mtu huyu. Mwalimu ametuma kazi ya nyumbani ya Gredi ya Pili, mama mmoja anauliza basi la shule limefika wapi, halafu katikati ya hayo zinashuka picha kumi na mbili mfululizo: mafuta ya mwili, chupa za maji, vyombo vya kuwekea chakula, vidonge vya kuongeza kinga. Chini yake bei, na maneno: "Karibuni wapendwa, oda zinaendelea."

Kundi linanyamaza. Hakuna anayenunua, hakuna anayelalamika. Watu wanazima sauti ya kundi, basi. Siku mwalimu akituma jambo la maana, nusu ya wazazi hawalioni.

Kimya hicho ndicho nataka tukizungumze, wewe kijana mwenzangu uliyepata mtoto na pia ukapata biashara ya katalogi. Nazungumzia ile biashara ambayo bidhaa haikai dukani: inatoka kwa kampuni, inapitia kwako, nawe unaifikisha kwa mtu unayemjua. Kwenye mikutano ya kuhamasishana utaambiwa wanaonyamaza wana wivu, ama hawajafunguka akili. Si kweli. Watu wetu wananyamaza kwa sababu ya muhali.

Muhali tunaujua sana huku Pwani. Ni pale unaposhindwa kumwambia mtu "hapana" kwa sababu ni jirani, ni mke wa binamu yako, alikuja kwenye harusi yenu, na keshokutwa mtakaa jamvi moja matangani. Huyo akikuletea sabuni ya Sh800 mlangoni, utainunua hata kama ndani una miche mitatu. Utalipa, utacheka naye, na ukimwona tena pale Kona ya Musa utavuka barabara.

Msimamo wangu ni huu: pesa uliyoipata kwa muhali si mauzo, ni mchango. Na hakuna anayechangiwa kila mwezi.

Sisemi uache kuuza. Nani atasema hivyo na hali ilivyo? Base Titanium ilimaliza kuchimba madini hapa kwetu mwishoni mwa 2024, na ajira zake zikaenda nayo. Mahoteli ya Diani yakiingia msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, vijana wanarudishwa nyumbani hadi wageni waanze kuja tena. Upepo wa kusi ukichafua bahari, mvuvi wa Gazi ama Shimoni anakaa siku kadhaa bila kushusha ngalawa. Mtu akiamua kubeba katalogi badala ya kuomba, huyo anastahili heshima.

Tena kuuziana wenyewe kwa wenyewe si jambo geni kwetu. Leso zimekuwa zikitoka maduka ya Mombasa, kama lile la Mali ya Abdulla lililoanza 1887, na kina mama wakazibeba kwa mafurushi mpaka majumbani. Muuza leso alikuwa anakaribishwa, anapewa maji, anazungumza habari za watu, ndipo furushi linafunguliwa na majina ya leso yanasomwa mkekani. Anayetaka anachukua. Asiyetaka anasifu rangi tu na mambo yanaisha. Muuzaji huyo alijua nani anaoza binti na nani amefiwa, kwa hivyo alijua pia mlango gani wa kupita na mlango gani wa kungoja.

Hata hao Wazungu walioipa biashara hii jina kubwa walianzia hapo hapo. Mwaka 1946 Mmarekani Earl Tupper alileta vyombo vya plastiki vyenye vifuniko visivyovuja. Madukani havikwenda, manake watu hawakujua kifuniko kinafungwaje. Akatokea Brownie Wise, mama aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, akawa anawakusanya kina mama sebuleni na kuwaonyesha. Alikuwa anajaza bakuli, analifunga, kisha analirusha chumbani mbele yao, na halimwagi hata tone. Mwaka 1951 kampuni iliviondoa vyombo hivyo madukani kabisa ikabaki na njia ya sebuleni.

Lakini kumbuka jambo moja: wale kina mama walioalikwa walijua wanakwenda kuonyeshwa vyombo. Hakuna aliyedanganywa kwamba anaitwa chai. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Unamwambia mwenzako, "Kuna kitu kizuri nataka nikuonyeshe, wewe njoo tu." Anaacha ugali jikoni anakuja, anakuta ubao na kijana aliyevaa tai. Hata kama bidhaa ni nzuri, umeanza na uongo.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wauzaji wengi hawaipendi methali hii, wanaona inawakataza kutoka nje. Mimi naisoma hivi: chema chajiuza, ila lazima kionekane kwanza. Mzazi mwenzako anaweza kuvuka feri ya Likoni kwenda kutafuta chupa ya mtoto isiyovuja, kumbe unazo kabatini nyumba ya tatu kutoka kwake. Ukinyamaza kabisa kwa kuona haya, umemnyima. Kwa hivyo sema. Kazi ni kusema namna gani.

Mfano mzuri tunao ufuoni Diani. Mgeni akitoka hotelini akazungukwa na watu watano, huyu ana vinyago, huyu ana safari ya Wasini, huyu anamvuta mkono, kesho yake hashuki tena pwani, anabaki kwenye kidimbwi. Wote watano wamekosa. Lakini wako mabichi boi waliodumu miaka, na ukiwatazama wana tabia moja: wanasalimu, wanajibu wanachoulizwa, wanasema kazi yao mara moja, kisha wanamwacha mtu atembee. Siku ya tatu mgeni anawatafuta yeye mwenyewe. Mzazi mwenzako getini hana tofauti na huyo mgeni, isipokuwa yeye haondoki baada ya wiki mbili. Mtakuwa naye mpaka watoto wamalize Gredi ya Tisa.

Basi ufanyeje?

Kwanza, acha kitu chako kionekane kikitumika. Mtoto wako aende shule na ile chupa. Wewe jipake yale mafuta. Mwenzako akiuliza, "Hii umenunua wapi?", jibu moja kwa moja: "Mimi mwenyewe nauza hizi, mia sita. Ukitaka siku yoyote niambie." Kisha rudini kwenye mazungumzo yenu ya karo na homa ya watoto. Usitoe katalogi mkobani. Umeshasema, amesikia, na amepata nafasi ya kukataa bila kutamka neno "hapana". Nafasi hiyo ndiyo dawa ya muhali.

Akikuuliza siku hizi unafanya nini, sema pia. "Nauza vyombo vya jikoni kwa katalogi" inatosha. Watu wengine wanajificha nyuma ya maneno makubwa, "mimi ni mjasiriamali wa afya na ustawi," mpaka msikilizaji anaanza kushika pochi yake.

Pili, usianze na kasoro ya mtu. "Mama, naona uso umekuharibika, nina kitu kitakusaidia." Huo ni utovu wa adabu hata ukiusema kwa tabasamu. Mwenye chunusi anazijua. Mama aliyejifungua juzi anajua amenenepa. Akitaka msaada atauomba.

Tatu, kundi la darasa liache liwe la darasa. Picha zako ziweke kwenye stetasi yako, anayetaka atazame. Tena usichukue nambari za wazazi kutoka kundi hilo ukaanza kuwaandikia mmoja mmoja usiku. Hili si suala la adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla data yake haijatumiwa kwa biashara, na nambari ya simu ni data. Na usimpige picha mtoto wa mwenzako akiwa na sare na chupa yako mkononi ukaifanya tangazo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya eneo la Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule nzima ilitozwa, sembuse wewe na simu yako.

Nne, ijue mifuko ya watu. Wiki ya kufungua shule Januari, mzazi anahesabu viatu, vitabu na nauli. Mei, nusu ya wazazi wa Ukunda wanaofanya kazi mahotelini wako nyumbani bila mshahara. Ukimletea mtu katalogi wakati huo, atachukua kwa deni ili asikuvunje moyo, na deni kati ya wazazi wawili ni sumu. Mtaanza kukwepana kwenye mkutano wa shule, na watoto wataulizana kwa nini hawachezi pamoja tena. Bora umwambie: "Hii si ya sasa. Mambo yakikaa sawa tutaongea."

Tano, kama una cheo, jichunge mara mbili. Mwalimu anayemuuzia mzazi vidonge, au mwenyekiti wa wazazi anayepitisha katalogi kabla kikao hakijaisha, amemfunga mtu mikono. Mzazi atajiuliza: nisiponunua, mwanangu atatazamwa vipi darasani? Hata kama wewe hukufikiria hivyo, yeye amefikiria. Wenye nafasi kama hizo waache kabisa kuuza ndani ya geti la shule.

Sita, usipandishe bidhaa daraja isilokuwa nalo. Kirutubisho ni kirutubisho. Mama anayekwenda kliniki ya presha pale hospitali ya Msambweni asiambiwe na wewe kwamba vidonge vyako vitamfanya aache dawa za daktari. Kama ni mafuta ya uso, hakikisha hayana zebaki wala haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Nambari ya alama ya KEBS unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Fanya hivyo kabla hujaleta mzigo, kwa sababu mtu akibabuka uso hatamtafuta mwenye kampuni ng'ambo. Atakuja kwenu.

Na kuna hili la kuwaingiza wenzako "chini yako". Hapa nitasema wazi: getini kwa shule uza bidhaa, usiuze ndoto. Mwaka 2024 wataalamu wa FTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, walichambua taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii. Katika nyingi ya hizo, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima. Hiyo ni chini ya Sh11,000 kwa mwezi, na taarifa nyingi hazikuondoa gharama. Huko ni Marekani. Sasa unapomwambia mama wa Mwabungo atoe akiba ya chama anunue mzigo wa kuanzia, unajua utakachomjibu mzigo ukimlalia? Akitaka kujiunga, mwonyeshe daftari lako, pesa iliyoingia na iliyotoka. Kama huna daftari la kumwonyesha, huna la kumwambia.

Najua wako watakaosema haya ni maneno ya walioshiba. Watasema mtoto halishwi adabu, na mwenye haya halali na chakula. Nawaelewa. Lakini piga hesabu hata kwa pesa tu. Darasa la mwanao lina wazazi thelathini, arobaini. Ukiwabana wote muhula wa kwanza, watanunua mara moja na utakuwa umemaliza soko lako lote. Ukiwaacha wapumue, watano watarudi kila mara, na hao watano wana dada zao Lungalunga na shangazi zao Kinango. Wazee walikuwa na neno jingine, biashara haigombi, na mtu aliyenunua kwa kubanwa ameshagombana nawe moyoni hata kama hajasema.

Halafu fikiria nani anayebaki. Ile kampuni ya vyombo iliyojengwa na akina Brownie Wise ilijulikana dunia nzima, na bado Septemba 2024 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kulemewa na madeni. Kampuni zinakuja na kuondoka. Wewe utabaki Msambweni, Tiwi ama Ukunda, na wazazi hawa hawa ndio watakaobeba maji siku ya shughuli yako.

Kama unataka kujua unauza vizuri au vibaya, kipimo ni rahisi. Kesho ukienda kumchukua mtoto, tazama wazazi wenzako unapokaribia geti. Wakikusogelea na salamu, endelea hivyo hivyo. Wakianza wote kwa pamoja kusoma simu zao, acha katalogi nyumbani muhula huu, uende na salamu tu.