KONA YA MWALIMU: Ushauri ni bure, lakini karatasi inanunuliwa

Mwezi uliopita tuliongea juu ya madaftari ya watoto. Mwezi huu tunataka tuongee juu ya meza ya ushauri.

Wengi mnaijua. Ni meza moja na mabenchi mawili nyuma ya darasa letu, Jumanne na Ijumaa mchana, wanafunzi wakishatoka. Wanaokaa pale ni wakimbizi kama sisi. Walipata semina za sheria, na hawana mshahara. Wanasoma barua za Kiingereza, wanajaza fomu, wanamwelekeza mtu aliyepoteza karatasi ya familia, wanamwonyesha Msalaba Mwekundu yule anayetafuta ndugu zake waliopotea vitani.

Tuwape mfano mmoja. Mama mmoja, mwenzetu kutoka Burundi, alikuja na barua aliyoiweka chini ya godoro. Jirani alimwambia ati ni mambo ya chakula. Kumbe ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa! Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtu siku 30, tangu apate taarifa, kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi. Yeye siku 26 zilikuwa zimeshapita. Wale vijana wakaandika rufaa usiku uleule kwa taa ya sola, kesho yake ikatolewa fotokopi, ikapelekwa kwa boda. Ilifika siku ya 29. Jibu bado mama analingoja, lakini angechelewa siku mbili tu, hata mlango wa kungojea ungekuwa umefungwa.

Sasa tuulizane: karatasi ile nani alinunua? Fotokopi, vocha na boda nani alilipa? Mmoja wao alitoa pesa aliyoiweka kwa ajili ya unga wa nyumbani kwake. Tulipojua tuliona haya, maana sisi tulidhani kazi ya bure haina gharama.

Zamani kuna shirika lililokuwa likitoa vifaa na nauli. Mwaka 2025, wakati serikali ya Marekani ilipokata misaada mingi ya nje, mashirika mengi yalipunguza kazi, na hilo nalo likasimama. Mwaka huohuo chakula kilikatwa, na karibu watu milioni moja wakaondolewa kwenye orodha ya mgao hapa Uganda. Kwa hiyo tunajua vizuri kwamba mfuko wa kila mtu umetoboka.

Katika kikao cha mwezi huu mtu mmoja alisema: "Basi kila fomu ilipiwe shilingi 2,000, meza ijitegemee." Wengine wakapiga makofi. Sisi tulikataa, na tunaomba mtusikilize sababu. Huduma za UNHCR ni bure, na kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Kila siku tunawaambia watu: akikuomba pesa kwa fomu, huyo ni mwizi, mkimbie. Meza yetu ikianza kuuza fomu, mama yule atatutofautisha vipi na mwizi? Tena mwenye shida kubwa ndiye asiye na 2,000. Atarudisha barua chini ya godoro.

Mwingine akauliza: "Mkimbizi atachangaje? Si yeye ndiye wa kuchangiwa?" Ni swali la haki. Lakini sisi hapa tuna likelemba, tuna sanduku la akiba, na msiba ukitokea tunachanga bila kuitwa mara mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuweke meza ya ushauri katika mambo ya namna hiyo.

Tulikubaliana hivi:

Kwanza, anayekuja kutafuta ushauri haombwi kitu siku hiyo, hata shilingi 100. Sanduku halikai mezani. Litakuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na atakayetoa atoe siku nyingine, kwa hiari. Asiye na kitu asitoe, na asione aibu.

Pili, sanduku lifunguliwe mbele ya watu watatu, mmoja wao awe mama asiye wa kamati. Kilichoingia na kilichotumika kiandikwe na kubandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi. Pesa isiyoonekana huzaa maneno.

Tatu, asiye na pesa anaweza kuleta kalamu, kuchaji simu ya meza, au kutafsiri Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali.

Na wafadhili je? Tutawaandikia, hatujawaacha. Lakini mfadhili huuliza mambo matatu: mmeandikishwa wapi, mmesaidia watu wangapi, na pesa inalindwa na nani. Kwa hiyo kikundi kinafuatilia kuandikishwa kama chama cha jamii wilayani Isingiro, ili kifungue akaunti ya benki yenye sahihi za watu zaidi ya mmoja. Pia wameanza daftari la kuhesabu wanaokuja: tarehe na aina ya shida, bila jina la mtu. Siri ya mtu si ya kuonyesha mfadhili.

Hata mfadhili akipatikana, sanduku letu libaki. Pesa ya mradi mara nyingi huja na masharti: hii ya semina tu, hii ya mabango tu. Siku ya 29 ikifika na boda inangoja, shilingi zetu ndizo hazina masharti.

Na wewe uliye na barua usiyoielewa, usiilalie. Ilete Jumanne.

Tukutane mwezi ujao. Amani iwe nyumbani kwenu.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.